Muongo wa Sinema Niupendao

Nataka kueleza jambo lililotuletea mabishano sisi walimu hapa Mlali. Kwa wenzangu lilikuwa mzaha wa saa moja, wakalisahau. Kwangu halikuwa mzaha, na tangu siku ile limenikaa moyoni.

Ilikuwa Ijumaa, masomo yamekwisha, nasi tumeketi katika chumba cha walimu, huyu anakunywa chai, yule anasahihisha madaftari. Mwalimu mmoja kijana, mwanamke mchangamfu, akatuuliza: "Haya, walimu, katika karne ya 20, sinema za muongo upi zilikuwa bora kupita zote?" Mwenzetu mmoja akajibu kwamba mwongo amjuaye yeye ni yule aliyeahidi kuleta sukari ya chai tangu Jumatatu. Tukacheka sana. Wasomaji wanajua ya kuwa muongo ni miaka kumi, na mwongo ni mtu asemaye yasiyo kweli. Katika maandishi tofauti yake ni herufi moja, na katika masikio yetu sisi watu wa bara haisikiki hata kidogo.

Basi mabishano yakaanza. Mwalimu wetu mkubwa, ambaye siku zake za kustaafu zi karibu, hakufikiri hata dakika moja, akasema: "Miaka ya 1970." Yule aliyeuliza akasema miaka ya 1990, kwa kuwa ndiyo iliyoleta picha ya Titanic mwaka 1997, na kabla yake, mwaka 1994, ile picha ya kuchorwa ya Wamarekani juu ya mfalme wa wanyama, ambayo ndani yake wanyama wameitwa kwa majina ya Kiswahili, Simba na Rafiki. Nilipoulizwa mimi nikasema: "Miaka ya 1950." Wakanishangaa. Mwalimu mkubwa akaniambia: "Wewe mwanangu umezaliwa mwaka 1988. Hata baba yako wakati huo alikuwa hajaota meno. Umeziona wapi?" Jua lilikuwa limekwisha kushuka, kila mtu akachukua baiskeli yake akaenda zake, nami sikupata kujibu. Najibu hapa.

Mijini sinema ilikuwako zamani. Huko Unguja jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, na watu wa pwani walikata tikiti na kukaa kwenye viti miaka mingi kabla sisi wa nyanda za kati hatujasikia habari zake. Lakini mji ni mji. Mtu wa kijijini hakuifuata sinema. Sinema ndiyo iliyomfuata yeye, kwa lori, na mashine ya umeme, na shuka jeupe. Kwa hiyo nikisema sinema msifikiri jumba lenye viti vya kukunjwa. Fikirini uwanja wa mpira, usiku usio na mbalamwezi, na watu wamekaa chini pande zote mbili za shuka, maana waliokosa nafasi mbele walikwenda nyuma, wakaiona picha imegeuka, na kila mtu ndani yake anakula kwa mkono wa kushoto.

Kazi hiyo ya lori ilianza kwa bidii katika nchi yetu mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara. Baraza la Kimataifa la Misheni lilipata fedha kutoka shirika la Carnegie la New York, na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, wakapewa kazi ya kutengeneza picha za kuwafundisha watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mpaka mwaka 1937, kazi ilipokoma, walikuwa wametengeneza picha 35 hivi. Zilikuwako za kuonya juu ya safura, juu ya homa ya malaria kwa watoto wachanga, juu ya udongo unaochukuliwa na maji, juu ya kilimo cha chai na juu ya kuweka akiba katika Posta. Waliocheza walikuwa Waafrika. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, na sahani ilizungushwa wakati picha ikienda. Na pengine mtu alisimama kando na kipaza sauti, akawaeleza watu kwa lugha yao mambo wayaonayo.

Habari ya mwelezaji huyu inanipendeza kuliko habari za picha zenyewe. Mtu amesimama gizani, uso wake hauonekani, naye anawaambia watu mia mbili: huyu ni fulani, huyu anakwenda kwa mganga, tazameni sasa. Akinyamaza yeye, na picha imenyamaza.

Walakini muongo ule siuchagui. Kila picha ya Vugiri ilikuwa somo, na kila mtu ndani yake alikuwa ama mpumbavu atakayepata hasara, ama mwenye busara atakayepata faida. Yule aliyefukia fedha zake ndani ya nyumba ataibiwa, na yule aliyezipeleka Posta atazikuta salama, nawe mtazamaji umekwisha kujua hivyo kabla mwizi hajatokea. Mimi ni mwalimu, nimesimama mbele ya ubao miaka kumi na miwili, nami najua jinsi somo lichoshavyo.

Sasa nimtaje bibi yangu, mzaa mama, kwani ndiye sababu ya jibu langu.

Baba yake alikuwa mmoja wa watu waliofyeka pori la Kongwa katika mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947, ikauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni zaidi ya milioni 30. Wasomaji wa huku hawana haja ya kuelezwa mengi: wakati wa kiangazi udongo ulikuwa mgumu kama saruji ukala vyuma vya majembe, na mvua ilipotakiwa haikuja. Bibi alihesabu miaka yake kwa mradi ule. Alikuwa akisema "mwaka wa pili baada ya karanga kufa", kama wengine wasemavyo mwaka wa njaa fulani. Na mwaka huo wa pili lori la serikali lilifika Kongwa na mashine ya picha. Bibi alikuwa msichana wa miaka 17 au 18. Alikwenda kwa miguu pamoja na kaka zake, wakalala kwa ndugu. Katika maisha yake yote hakuona sinema nyingine kwa macho yake.

Lakini ile moja aliiona barabara. Nilipokuwa mtoto, jioni, tukingoja ugali wa uwele uive, nilimwambia, "Bibi, picha," naye akaanza. Mtu wa shamba ameshuka mjini Dar es Salaam, ana furushi, na fedha zake amezifunga katika pindo la nguo. Bibi alisimama akatembea kama mtu yule, akiitazama miguu yake isije ikakanyagwa na motokaa. Watu wa mjini wakamjia, huyu akamwita ndugu, huyu shemeji, huyu mjomba, wote kwa siku moja. Na alipofungua pindo la nguo ahesabu fedha zake mbele yao, watu wote wa uwanja wa Kongwa wakapiga kelele: "Funga! Funga!" Hakufunga. "Hawasikii wale," Bibi alikuwa akiniambia kwa huzuni, "ndiyo shida yao." Basi wakamla mpaka pindo likawa tupu. Mwisho mtu yule alirudi kwao, naye mkewe akamtilia maji ya kunawa, asimwulize neno. Bibi alipofika hapo alikaa kimya kidogo, kisha akafunua chungu.

Nilipokwenda chuo cha ualimu cha misheni nikasoma kitabuni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilipatana na kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, kutengeneza picha za Kiswahili, nazo zilikuwa hadithi, si masomo matupu. Mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu. Hapo nikajua picha ya Bibi ilitoka katika ukoo gani. Waafrika ndio waliocheza, nao walisema Kiswahili kwa vinywa vyao wenyewe, bila sahani ya santuri wala mtu wa kipaza sauti. Na aliyekuwa mbele katika Muhogo Mchungu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa serikali katika kazi za maendeleo ya jamii. Ndiye yule aliyefanywa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwezi wa Januari 1962, akawa baadaye Makamu wa Rais, akafariki tarehe 31 Desemba 2009. Wamarekani husimulia kama ajabu kwamba Ronald Reagan, aliyekuwa mchezaji wa sinema, aliingia katika Ikulu yao mwaka 1981. Sisi tulikuwa tumewatangulia kwa miaka 19, wala hatukuona ajabu yo yote.

Hapa nina ugomvi kidogo na watu waliokwisha kufa. Katika zamani hizo palikuwa na Mwingereza mmoja, William Sellers, mkubwa wa idara ya sinema za makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1939. Yeye na wenzake walifundisha kwamba picha za kuonyeshwa Waafrika ziende polepole, zisiruke kutoka mahali hata mahali, maana mtazamaji atapotea. Na hadithi iliyopendwa na watu wa kazi hiyo ni ile ya mbu. Wanakijiji, wasema, walionyeshwa picha ya mbu amekuzwa, amejaa shuka zima. Ilipokwisha wakashukuru, wakasema kwamba kwao hakuna hatari, maana mbu wakubwa namna hii hawako. Hadithi hiyo imesimuliwa katika nchi nyingi sana, na kila asimuliaye husema ilitokea kwake.

Bibi hakuwahi kuisikia. Lakini aliniambia kwamba usiku ule wa Kongwa kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa picha. Alitazama ule mwali wa taa uliopita juu ya vichwa vyao, akaona wadudu wanaruka ndani yake, na vivuli vyao vinapita juu ya shuka, vikubwa kama kuku. Wasichana wote wakacheka. Mmoja akainua mkono wake, na kiganja kikaonekana kinamfunika Mzungu aliyekuwa akitangaza habari. Kaka yake akampiga kofi.

Sitaki mfikiri ya kuwa nausifu muongo mzima kwa picha moja ya Bibi. Katika miaka hiyo hiyo picha za Wahindi ziliingia Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, zikapendwa na watu wasiojua hata neno moja la lugha yake. Awaara ya Raj Kapoor ilitengenezwa mwaka 1951, na nyimbo zake ziliimbwa katika mitaa ya Unguja na watu waliozijua kwa sauti tu. Lakini ile ambayo ningependa kila mkulima wa wilaya yetu aione ni Mother India ya mwaka 1957. Mimi na mke wangu tuliitazama katika kompyuta niliyoazima, kwa usiku tatu, kwa kuwa ni ndefu na sisi tuna watoto. Nilikuwa nikisoma maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha na kumweleza mke wangu, mpaka akaniambia: "Baba Neema, usieleze sana, naona."

Ni habari za mama mmoja wa kijijini, jina lake Radha. Mama mkwe wake alikopa fedha kwa mkopeshaji ili amfanyie mwanawe arusi, naye hakujua kusoma. Mkopeshaji akaandika alivyotaka, na wazee wa kijiji walipoamua wakaamua kwa kuufuata mwandiko. Tangu hapo, katika kila mafungu manne ya mavuno matatu yakaenda kwa mkopeshaji kuwa faida yake, na deni lenyewe likabaki pale pale. Mume akapondwa mikono na jiwe kubwa, akakatwa, akaona haya kuwa mzigo, akatoroka usiku. Mafuriko yakachukua shamba. Mama akajifunga jembe la ng'ombe mabegani akalima. Mwishoni mwanawe mdogo, aliyekua na uchungu wa deni lile moyoni, akawa mnyang'anyi, akamwua mkopeshaji, akamteka binti yake. Na mama akampiga risasi mtoto wake mwenyewe kwa ajili ya heshima ya binti wa mtu mwingine. Sisi tunaokaa karibu na soko la mahindi la Kibaigwa, tunaojua maana ya kuuza mahindi yangali shambani kwa mtu aliyetukopesha mwezi wa Januari, hatuhitaji mtu wa kutufasiria hapo. Mke wangu alilia. Mimi nilikuwa nikiwaza lile karatasi ambalo yule mama mkwe hakuweza kulisoma, na Jumatatu yake nilikuwa mkali kidogo kwa watoto wa darasa la pili.

Juu ya miaka ya 1970 nitasema machache, kwa kuwa mwalimu wetu mkubwa aweza kujitetea mwenyewe. Enter the Dragon ya Bruce Lee, aliyekufa mwaka huo huo wa 1973, na Sholay ya mwaka 1975, alizionea Dodoma akiwa mvulana, miaka kadha baada ya kutengenezwa, naye hata leo aweza kukuonyesha teke, ila asiteguke. Katika muongo huo nchi yetu ilikuwa na Kampuni yake ya Filamu, ikatengeneza Fimbo ya Mnyonge, picha ya kuwavuta watu katika vijiji vya ujamaa. Jina lake ni zuri kuliko picha yenyewe, nadhani, maana ni ile Vugiri tena: mjinga huku, mwenye busara kule, na somo katikati.

Basi yamebaki miaka ya 1990, na hapo ndipo penye uzito kwangu. Mtu angesema ndio muongo wangu kwa haki. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, ingawa huku kwetu ilikawia; Unguja walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Majumba ya sinema ya mijini yalianza kufa, vibanda vya video vikachipuka kila penye jenereta. Na sinema ya kwanza niliyoiona katika maisha yangu niliiona hapa Mlali mwaka 1998, nilipokuwa na miaka kumi.

Wahubiri walikuja na gari, wakatangaza kwa kipaza sauti mchana kutwa kwamba usiku wataonyesha picha ya maisha ya Bwana Yesu. Ilikuwa ile picha ya mwaka 1979 iliyofuata Injili ya Luka, imetiwa sauti za Kiswahili. Wakati huo Bibi alikuwa kipofu mwaka wa sita. Alipofushwa na vikope, ugonjwa ambao madaktari huuita trakoma, ambao kope hugeukia ndani na kuukwaruza weusi wa jicho mpaka ukawa mweupe. Wilaya yetu imejulikana kwa ugonjwa huo, hata wataalamu wakaja kuuchunguza tangu miaka ya 1980. Nao huwapata wanawake kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto wadogo wenye macho yanayotoka usaha. Bibi alilea wanane wake na wajukuu juu yake.

Aliposikia lile gari aliniita. Yeye aliniita "mume wangu", kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mume wangu," akasema, "twende. Wewe utakuwa macho."

Tukakaa nyuma chini ya mbuyu, kwa sababu aliogopa kukanyagwa. Maneno aliyasikia, kazi yangu ilikuwa kumwambia yaonekanayo. Kwanza niliifanya vizuri. Nikamwambia habari za mashua, na nyavu, na Petro mwenye ndevu. "Samaki ni wangapi?" akauliza. "Wengi, Bibi." "Wengi ni wangapi?" Nikasema wamejaa mpaka mashua inazama. Akaridhika, akapiga makofi kimya kimya magotini pake. Lakini picha ilikuwa ndefu, na kule mbele kabisa chini ya shuka walikuwako rafiki zangu wote, wamelala chali wakitazama juu, nami nikisikia vicheko vyao. Kila nilipotaka kutazama tu, Bibi aliniuliza: huyo ni nani, amevaa nini, anakwenda wapi. Nikaanza kujibu kwa neno moja moja. Kisha nikaanza kujibu uongo, mradi nijibu upesi.

Bwana Yesu alipokwisha kukamatwa, mkanda ukaisha, na mwenye mashine akawasha taa ili afunge mwingine. Watu wakaanza kunong'onezana na kujinyosha. Bibi akauliza: "Vipi?" Nikamwambia: "Imekwisha, Bibi."

Nikamshika fimbo yake nikamwongoza nyumbani kwa haraka, nisije nikachelewa. Njiani akasimama. "Imekwisha? Na kaburi?" "Kaburi hawakuonyesha." "Na kufufuka?" "Hawakuonyesha, Bibi." Akatembea hatua kadha, akifikiri. Kisha akasema: "Labda mafuta ya mashine yamewaishia. Watarudi." Nikamfikisha kitandani pake, nikakimbia kurudi uwanjani, nikapenya mpaka mbele kabisa, nikayaona yote: msalaba, na jiwe, na wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Shingo iliniuma siku mbili.

Asubuhi yake jirani yetu mmoja, mwanamke wa makamo, alipita akienda kuteka maji, na Bibi akamsimulia jinsi picha ilivyokuwa nzuri, na jinsi mafuta yalivyowaishia wale watu kabla ya kufika kwenye ufufuo. Yule mama alikuwako uwanjani mpaka mwisho. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Akatua ndoo yake, akaiinua tena, akasema: "Huenda watarudi, Mama."

Ningaliweza kumwambia. Mwisho wa picha nilikuwa nao kichwani, kila kitu, hata jinsi mwanga ulivyoingia kaburini, nami ningaliweza kukaa naye jioni moja nikamweleza kama yeye alivyonieleza yule mtu wa shamba mara mia, hatua kwa hatua, bila kuruka, mpaka maji ya kunawa. Lakini kumweleza ni kukiri kwamba sikumwambia kweli, basi kila jioni nikasema kesho.

Mwalimu mkubwa aliniuliza, umeziona wapi sinema za miaka ya 1950? Nimeziona jikoni kwa Bibi. Zile za miaka ya 1990 niliziona kwa macho yangu mawili mazima, nazo siwezi kuzipenda.

Bibi alikufa mwezi wa Novemba 1999, mvua zikiwa hazijaanza. Katika mwaka ule wa mwisho, usiku, ilipopita motokaa barabarani na ngurumo yake ikafika mpaka kitandani kwake, aliinua kichwa akaniuliza: "Mume wangu, je, ndio wale wa picha?"

Nami nilikwenda mlangoni nikatazama, nikarudi nikamwambia: "Sio, Bibi. Ni lori la mahindi."